Mota na jenereta: majibu kwa maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini yote yanahusu umeme unaozungusha mashine na mashine zinazozalisha umeme kwa kuzungushwa. Tumeyafupisha kabla ya kuyajibu.

Nina mota nzima ya feni ya mezani ambayo mapanga yake yamevunjika. Nikiifunga kwenye gurudumu la maji, itanipatia umeme wa taa?

Kwa hali ilivyo, haitakupatia. Ni kweli kwamba mota na jenereta zinafanya kazi kwa kanuni zilezile. Mwaka 1821 Michael Faraday alionyesha kuwa waya unaopitisha umeme unaweza kuzunguka sumaku, na mwaka 1831 akaonyesha upande wa pili wa jambo hilo, yaani sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme hupita katika koili hiyo. Katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873, Hippolyte Fontaine aliunganisha kwa waya mashine mbili za mvumbuzi Zénobe Gramme, zote zikiwa zimeundwa kama jenereta. Moja ilipozungushwa kwa injini, ya pili ikageuka mota na kuendesha pampu ya maji.

Tatizo la feni yako ni kwamba haina sumaku ya kudumu. Rota yake, yaani sehemu inayozunguka, ni mabati ya chuma yaliyobanwa pamoja na kupitishiwa vipande vya alumini, na usumaku wake wote hutokana na umeme unaoingia kutoka ukutani. Bila umeme huo utakuwa unazungusha chuma kitupu. Tafuta mota yenye sumaku ndani, hata ile ndogo ya gari la kuchezea watoto. Iunganishe na taa ndogo nyekundu ya LED, zungushia uzi kwenye mhimili wake, kisha uvute uzi kwa nguvu, taa itamulika. Ukizungusha kinyume haitawaka, kwa sababu mkondo nao umegeuka na LED hupitisha umeme upande mmoja tu.

Kwa nini jenereta ya petroli hubadilisha mlio pale mtu anapochomeka pasi?

Kwa sababu umeme unaotoka unaizuia mashine inayouzalisha. Mkondo unapopita katika koili za jenereta, koili zenyewe zinakuwa sumaku, na sumaku hiyo daima huelekea upande wa kupinga mzunguko ulioizalisha. Kanuni hii iliandikwa na Heinrich Lenz mwaka 1834. Jenereta isiyo na mzigo huzunguka kwa wepesi; ukichomeka pasi ya wati 1,000, mhimili unakuwa mzito ghafla, kasi inataka kushuka, na gavana, yaani kifaa kinachosimamia kasi ya injini, inafungua njia ya mafuta zaidi ili injini irudi kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya jenereta nyingi ndogo za hezi 50. Kwa pasi hiyo peke yake, ukijumlisha na upotevu, injini inatoa karibu nguvu za farasi moja na nusu. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dinamo anaujua uzito huo miguuni.

Nimeona video ya mota inayozungusha jenereta, na jenereta hiyohiyo inailisha mota. Je, inawezekana?

Haiwezekani. Jenereta itaikaza mota kwa kiasi kilekile cha umeme inachotoa, na juu yake kuna joto la waya na msuguano wa beringi, kwa hiyo mzunguko utafifia na kusimama mara moja. Katika video za aina hiyo kuna betri au waya uliofichwa mahali fulani. Usinunue.

Mota ya mashine yangu ya kusaga imeandikwa 1,440. Fundi anasema ni mota ya 1,500. Nani mkweli?

Wote wawili, na swali lako ndilo zuri kuliko yote tuliyopokea. Mota yako ina ncha nne za sumaku, na katika umeme wa hezi 50 usumaku wa stata, yaani sehemu ya mota isiyozunguka, huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota inaufukuza usumaku huo bila kuufikia. Ingeufikia, vipande vya alumini vingekuwa vinakwenda sawa nao, umeme usingezaliwa ndani yake, na nguvu ya kuzungusha ingekwisha. Mizunguko 60 inayopungua, ambayo ni asilimia 4, ndiyo inayoifanya mota isage. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mota hiyohiyo, ikiwa bado imeunganishwa na gridi, ikisukumwa kwa injini hadi ipite 1,500, huanza kurudisha umeme kwenye gridi.

Mashine ikikwama kwa mahindi, mota hunuka kuungua baada ya muda mfupi tu. Kwa nini, ilhali haifanyi kazi yoyote?

Huungua kwa sababu hiyohiyo ya kutozunguka. Mota inapozunguka huwa ni jenereta pia kwa wakati uleule: ndani ya koili zake huzaliwa volteji inayopingana na ile ya ukutani, na upinzani huo ndio unaopunguza mkondo unaoingia. Rota ikisimama, sehemu kubwa ya upinzani inatoweka na mkondo unaweza kufika mara tano hadi saba ya kawaida. Joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo mkondo mara sita ni joto mara 36, na harufu unayoisikia ni vanishi ya waya wa shaba inayoungua. Mota kubwa za fezi tatu huwashwa kwa sta-delta, yaani kwa kubadilisha muunganisho wa koili mota ikishashika kasi, kwa ajili hiyo: wakati wa kuanza kila koili hupewa volti 230 badala ya 400, na mkondo kutoka kwenye laini hushuka hadi theluthi moja. Mashine ikikwama, zima kwanza, ndipo utoe mahindi.

Pikipiki za umeme zinasemekana kuchaji betri zikifunga breki. Ni kweli au ni biashara?

Ni kweli kwa zile zilizotengenezwa hivyo, si zote. Kidhibiti hukata umeme unaokwenda kwenye mota, gurudumu linaizungusha mota, na volteji inayozaliwa hupandishwa ili ipite ile ya betri. Ukinzani wa Lenz ndio unaopunguza mwendo. Faida huonekana zaidi kwenye mteremko mrefu, na kwenye barabara tambarare usitarajie mengi. Kasi ikishuka sana volteji hiyo huwa ndogo mno na ukinzani hulegea, ndiyo maana pikipiki hizo bado zina breki za kawaida, nazo zinahitaji kukaguliwa kama kwenye pikipiki nyingine yoyote.