Maiki ikizimika, nani atakwambia?

Msomaji mwenye kipindi cha teknolojia ameuliza swali ambalo wengi tunalo moyoni. Ana wafuasi elfu sita Instagram, lakini akienda mubashara wanaokuja kukaa naye ni kumi na mmoja. Je, alipie matangazo ya mtandaoni, au afunge kipindi?

Asifanye lolote kati ya hayo. Kwanza atazame yaliyomkuta mtu aliyetutangulia mbali.

Leo Laporte ni mtangazaji wa teknolojia wa Marekani aliyekulia redioni na kwenye televisheni, kisha Aprili 2005 akaanza podikasti ya This Week in Tech huko California. Ni mkongwe kiasi kwamba aliwahi kupigania jina jingine, "netcast", kwa kuwa neno podikasti lilimkalia kama tangazo la iPod, kifaa cha muziki cha Apple. Kufikia 2010 wafuasi wake mitandaoni walikuwa wengi mno. Agosti mwaka huo akagundua kwamba aliyokuwa akiyaandika Google Buzz, mtandao wa kijamii wa Google wa wakati huo, hayakuwa yakimfikia mtu yeyote, na hali hiyo ilikuwa imeendelea kwa wiki mbili hivi. Katika umati wote ule hakuna aliyeuliza kulikoni, na hata yeye mwenyewe hakuwa amejua. Aliumia. Akaandika kwenye blogu yake kwamba miaka aliyoitumia kwenye mitandao ya watu aliiona kama kazi bure, na kwamba anarudi kuandika kwake. Google Buzz yenyewe ilifungwa 2011.

Sasa linganisha na upande wa pili wa kazi yake hiyohiyo. Vipindi vyake vilirushwa mubashara, na pembeni kulikuwa na chumba cha gumzo cha IRC, mfumo wa zamani wa kuandikiana papo kwa papo mtandaoni. Msikilizaji wa redio alipopiga simu na swali gumu, mara nyingi jibu lilitoka kwa watu wa gumzo, naye akalisoma hewani. Kwenye chumba kama kile hitilafu ya sauti haimalizi dakika mbili kabla watu kumi hawajaandika kwamba hawakusikii.

Kwa hiyo kipimo changu cha mashabiki ni hiki: maiki ikizimika katikati ya kipindi, nani atakwambia, na baada ya muda gani? Watakaokwambia ndio mashabiki. Waliobaki ni wapita njia. Nao tunawahitaji, lakini kipindi hakijengwi juu yao.

Gumzo linachelewa, panga kipindi kwa kuchelewa huko

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuuliza swali, kungoja sekunde tano, kisha kusema "naona leo mko kimya". Hawako kimya. Mubashara wa YouTube ukiachwa kwenye mpangilio wa kawaida unaweza kuchelewa sekunde 20 au zaidi. Mtu analisikia swali lako likiwa limeshapoa, anachukua sekunde 15 nyingine kuandika, na wewe umeshahamia mada nyingine. Majibu yanaingia katikati ya hoja yako, unababaika, msikilizaji naye anapotea.

Dawa ni mbili na zote zitumike. Ingia kwenye mipangilio ya mubashara uchague ucheleweshaji mdogo. Ule mdogo kabisa usiuchague kama intaneti yako haijatulia, maana picha itakwama kila mara. Kisha uliza swali dakika mbili kabla ya kulihitaji. Sema, "Nitataka kujua ni simu gani unayorekodia, andika sasa," halafu endelea na habari yako mpaka majibu yajae.

Weka mtu wa pili asimamie gumzo. Usijidanganye kwamba utasoma na kuongea kwa pamoja, sauti itakusaliti: unavuta "eeee" ndefu, unarudia neno, unapoteza uzi. Msimamizi afungue hati moja ya pamoja, abandike humo maswali yaliyochujwa, kila moja na jina la kusomwa na mji. Jina la kusomwa ni muhimu, kwa sababu wapo wanaojiandikisha kwa majina ambayo ukiyatamka haraka yanakuwa tusi, na wewe ndiye utakayekuwa umetukana hewani. Gumzo likianza kufurika, msimamizi awashe kizuizi cha ujumbe mmoja kwa kila mtu kila baada ya sekunde 15 au 30.

Halafu kuna anayesikiliza kesho, ndani ya daladala, hana gumzo mbele yake. Kila swali lisome lote kwa sauti kabla ya kulijibu. Acha kusema "kama huyu anavyosema hapo chini" na "asante, nimeiona". Kipindi cha mubashara kilichogeuzwa podikasti bila kumfikiria mtu huyu ni mazungumzo ya simu yaliyosikika upande mmoja.

Sehemu kubwa ya wasikilizaji wetu huku hawatakuwepo saa ya mubashara kwa sababu ya bando au kazi. Wafungulie namba ya WhatsApp ya kipindi, si yako binafsi, wakutumie ujumbe wa sauti usiozidi sekunde 40. Waelekeze maneno haya: taja jina, taja mji, uliza swali moja, simu iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, ujifungie chumbani na usimame mbali na feni. Omba ruhusa ya kurusha sauti zao ndani ya maelekezo hayohayo, ili ibaki kwenye maandishi.

Mwangwi wa mgeni na sauti ya ndani ya pipa

Hapa ndipo vipindi vingi vizuri vinapofia. Mgeni wa mbali anajisikia akirudi masikioni mwake kwa kuchelewa nusu sekunde, anaanza kuongea polepole, mwishowe ananyamaza. Sababu ni kwamba umemrudishia sauti yote ya kipindi, na yake ikiwemo. Mgeni anapaswa kusikia kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kwenye miksa ndogo, kifaa cha kuchanganyia sauti, inafanyika hivi. Tuseme maiki yako iko chaneli ya 1, muziki chaneli ya 2, na simu au kompyuta yenye mgeni chaneli ya 3. Waya unaorudi kwa mgeni usiuchomeke kwenye tundu la MAIN linalotoa sauti yote, uchomeke AUX, tundu la pembeni unalolichagulia sauti za kupeleka. Sasa fungua nobu ya AUX kwenye chaneli ya 1 na ya 2, na kwenye chaneli ya 3 ifunge mpaka sifuri. Mwangwi umekwisha. Kama bado upo, mgeni hajavaa hedifoni, na spika yake inaingia kwenye maiki yake. Hilo miksa haiwezi kulitibu.

Hedifoni ziwe za waya. Simu inapotumia maiki ya iafoni za Bluetooth huhamia mfumo wa mazungumzo ya simu, ambao kwa kawaida huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde badala ya 44,100 au 48,000. Ndiyo sababu mgeni mwenye iafoni za bei kubwa anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Kwa kipindi unachokithamini, kila mtu ajirekodi mwenyewe alipo, halafu mkusanye mafaili. Wote mkubaliane sampuli 48,000 kwa sekunde. Mmoja akirekodi 44,100 na programu ikalisoma faili lake kama 48,000, sauti yake inapanda na kipindi cha saa moja kinafupika kwa karibu dakika tano. Mkianza, hesabuni tatu mpige kofi moja kwa pamoja. Mstari mkali wa kofi hilo ndio mtakaotumia kupanga mafaili ya sauti yaende sambamba kwenye programu ya kuhariri. Pigeni jingine mwisho, maana saa za vifaa hazilingani: tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni sekunde 0.18 kila saa, inayotosha kuwafanya watu waonekane wanakatizana wakati hawakukatizana. Makofi mawili yanakuonyesha uvute faili kiasi gani. Faili la WAV la biti 16, chaneli moja, ni MB 346 kwa saa, basi mwambie mgeni asafishe simu yake mapema.

Maiki ya dainamiki, ile isiyonasa sana sauti za mbali, ikae vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pumzi. Ile ya kondensa, inayonasa hata sauti ndogo, ni nzuri kwenye chumba kilichotulia, lakini chini ya paa la bati, karibu na barabara ya bodaboda, itakuletea mtaa mzima. Vilele vya sauti viguse −12 dB wakati wa kurekodi. Ukipita sifuri sauti imepasuka, na iliyopasuka haishoneki.

Mwishoni sawazisha ukubwa wa sauti kufikia −16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) kwa stereo, yaani chaneli mbili, au −19 kwa mono, chaneli moja. Kwa mazungumzo tumia mono, MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima ni MB 28.8. Kilobiti 128 ni mara mbili yake, na bando la msikilizaji wako ndilo linalolipa tofauti ambayo sikio lake halitaisikia. Nakala ya kilobiti 32, MB 14.4, ifae kundi la WhatsApp. Itume kama dokumenti ili isiguswe njiani.

Picha ni anasa yenye gharama. Mubashara wa video wa 720p kwa megabiti 2.5 kwa sekunde unakula zaidi ya GB 1 kwa saa kwa kila anayekutazama. Sauti ikikamilika ndipo ufikirie kamera.

Mlisho uwe mali yako

Podikasti si Spotify wala YouTube. Podikasti ni faili la sauti pamoja na mlisho wa RSS, yaani faili dogo la maandishi linaloziambia programu zote kipindi kipya kiko wapi. Ukishika mlisho umewashika wasikilizaji, hata dirisha moja likifungwa. Na madirisha hufungwa: programu ya kusikilizia podikasti ya Stitcher ilizimwa Agosti 2023, Google Podcasts ikafuata 2024. Mei 2025 mtandao wa X, Twitter ya zamani, ulizuiwa Tanzania, na waliokuwa wamewaweka wasikilizaji wao wote humo wakabaki kuwaelekeza watu kwenye VPN, njia ya kukwepa kizuizi.

Nunua kikoa chako, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni, na mlisho upite humo. Barua pepe iliyoandikwa ndani ya mlisho iwe ya kipindi, maana ndiyo inayopokea namba za kuthibitisha umiliki. Ikiwa ni ya kijana aliyeondoka kwa hasira mwaka jana, mlango uko mkononi mwake. Picha ya kipindi iwe mraba, pikseli 1,400 hadi 3,000. Kila kipindi kina kitambulisho kiitwacho GUID, na ukikibadilisha baada ya kuchapisha, programu zitakiona kama kipindi kipya na kukipakua tena kwa wote. Kurekebisha maelezo au hata sauti ni sawa, GUID usiiguse.

Siku ya kuhama kampuni inayokuhifadhia mafaili, usifute ulikotoka. Weka uelekezaji wa 301, yaani wa kudumu, kutoka mlisho wa zamani kwenda mpya, ndani ya mpya ongeza alama ya itunes:new-feed-url inayotaja anwani mpya, na vyote viwili viishi angalau wiki nne. Wasikilizaji wengi wanaopotea wakati wa kuhama wanapotea kwa sababu mtu alifunga akaunti ya zamani mapema mno ili kuokoa kodi ya mwezi mmoja.

Mitandao ya kijamii ina kazi yake, nayo ni kuonjesha. Kata klipu yenye swali moja la shabiki na jibu lake, sekunde 30 hadi 60, wima pikseli 1080 kwa 1920, maneno yameandikwa kwenye picha kwa ajili ya wanaotazama bila sauti. Usianze na nembo wala muziki, anza na swali. Kiungo kwenye maelezo ya posti ya Instagram hakibonyezeki, basi jina la kipindi litamkwe ndani ya klipu yenyewe, polepole.

Aliye Tanzania asome Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 pamoja na marekebisho yake ya 2022, aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama kipindi chake kinahitaji leseni. Aulize kabla ya kukusanya watu.

Laporte mwenyewe aliendelea kuwasogeza mashabiki kwake: seva yake ya Mastodon, mtandao wa kijamii ambao mtu anaweza kuuendesha mwenyewe, jukwaa la mijadala, kisha 2021 klabu ya kulipia dola 7 kwa mwezi yenye gumzo lake kwenye Discord, programu ya vyumba vya gumzo. Matangazo yalipopungua na studio yake ya Petaluma, California, ikafungwa 2024, alihamishia kazi nyumbani na vipindi vikaendelea, kwa sehemu kubwa kwa nguvu ya wanaklabu. Ukiniuliza mimi, hesabu ya wafuasi wa 2010 isingemfikisha hapo.

Sasa ndugu yangu mwenye watu kumi na mmoja. Hao kumi na mmoja wameacha shughuli zao wakaja. Kipindi kijacho andika majina yao kabla hujaanza na uwasalimie kwa majina. Watatu kati yao waombe ujumbe wa sauti siku mbili kabla. Kifaa cha pili kirekodi pembeni muda wote. Halafu ukifika dakika ya kumi, zima maiki kwa makusudi kwa sekunde kumi na tano, sehemu hiyo utaikata baadaye. Hesabu muda ukipunguza sekunde za ucheleweshaji, kisha tazama ni nani wa kwanza kuandika "hatukusikii". Usimamizi wa gumzo mpe huyo.