Haizidi, haipungui: kuzisoma alama za kulinganisha

SWALI: Nafundisha kwa Kiswahili watu wanaoanza kuandika programu. Nikisema "aliyepata zaidi ya 50 amefaulu", baadhi huandika alama > 50 na wengine alama >= 50. Sentensi yangu ina kasoro? Alama ya >= tuisomeje bila kurefusha maneno? Na je, = na == zote ni "sawa na"?

JIBU: Sentensi yako ni > 50. "Zaidi ya 50" huanza baada ya 50, kwa hiyo aliyepata 50 kamili hayumo. Nawaelewa walioandika >=, maana katika mazungumzo tunalisema neno hili kwa kukadiria, wala hakiharibiki kitu. Kwenye programu kinaharibika. Kompyuta hutoa jibu moja kati ya mawili, kweli au si kweli, na kosa la ulinganisho hupenda kujificha kwenye namba ya mpakani. Ukijaribu programu kwa 30 na 80 hutaliona. Jaribu 50 yenyewe.

Ikiwa 50 inafaulu, sema "50 au zaidi", "angalau 50", au "kuanzia 50".

Wengi huisoma >= "kubwa kuliko au sawa na". Ni usomaji sahihi, na unafuata mpangilio wa alama zenyewe, > kwanza kisha =. Aliyeuzoea hataandika =>, ambayo katika lugha ya programu ya JavaScript ina kazi nyingine kabisa, ya kuunda fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi fulani kikiitwa. Hata hivyo, mimi napendelea vitenzi. Sote tunasema "watu wasiopungua 50" na "maneno yasiyozidi 400", na hakuna anayeuliza kama 50 au 400 zimo. Zimo. Basi x >= 50 ni "x haipungui 50", na x <= 50 ni "x haizidi 50". Neno moja limebeba alama zote mbili.

Faida kubwa iko kwenye ukanushi. Wanaoanza hudhani kinyume cha > ni <, kwa sababu "kubwa" na "ndogo" ni vinyume katika kamusi. Sasa mwambie mwanafunzi akanushe "x inazidi 50". Atasema "x haizidi 50", na humo 50 imo tayari, yaani <=. Sarufi aliyokua nayo imempa jibu la mantiki kabla hujamchorea jedwali lolote la kweli na si kweli. Ningependa kila somo la masharti lianzie hapo.

Tahadhari moja: usigeuze "haipungui" kuwa "x inapungua 50" ili kusoma <. Msikilizaji ataelewa kwamba x inaendelea kushuka. Hapo rudi kwenye "x ni ndogo kuliko 50" au "x iko chini ya 50". Kivumishi nacho kifuate ngeli: namba kubwa kuliko, umri mkubwa kuliko, kiasi kikubwa kuliko. Alama ya != haina taabu, ni "si sawa na" au "ni tofauti na".

Kuhusu swali lako la mwisho, hapana, usizisome sawa. Katika C, Java, Python na jamaa zao, == inauliza, = inaamuru. Kiswahili kinatenganisha mambo haya kwa kitenzi. x == 5 ni "x ni sawa na 5", kauli inayoweza kuwa kweli au isiwe. x = 5 ni "x iwe 5", dhamira tegemezi (umbo la kitenzi la kutaka jambo liwe), agizo lisiloulizwa ukweli wake. Ndiyo maana x = x + 1 humshtua aliyezoea hesabu. Akisoma "x ni sawa na x kujumlisha 1" ameona uongo mtupu, kwani hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa moja. Akisoma "x iwe x kujumlisha 1", ameelewa kwamba thamani ya zamani inaongezwa moja na kuhifadhiwa upya.