Unahamia Dodoma na watoto? Tafuta shule kwanza, nyumba baadaye

Barua ya uhamisho ikitoka, mtu wa kwanza kupigiwa simu huwa dalali. Nyumba inapatikana Nkuhungu kwa kuwa kodi ina nafuu, miezi sita inalipwa, vyombo vinashushwa, ndipo swali la shule linaanza. Kazi iko Mji wa Serikali Mtumba, kilomita kama 17 mashariki ya katikati ya jiji, nyumba iko upande mwingine kabisa, na shule iliyosifiwa na jirani iko mahali pa tatu. Anayelipa gharama ya pembetatu hiyo ni mtoto wa miaka sita anayesimama barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri akisubiri basi, tumbo tupu. Saa nne anasinzia juu ya daftari.

Kwa hiyo anza na njia. Anayefanya kazi Mtumba atafute shule kando ya barabara ya Dar es Salaam, kuanzia Kisasa kupitia Nzuguni hadi Ihumwa, kisha atafute nyumba ambayo shule iko kati yake na kazini, au iko jirani kiasi cha mtoto kwenda kwa miguu. Anayefanya kazi mjini apange kwa mtindo huohuo kwa upande wake.

Kama mtoto atapanda basi la shule, usiridhike na jibu kwamba "usafiri upo". Uliza anapakiwa wa ngapi, kwa sababu wa kwanza kuchukuliwa ndiye anayezunguka mitaa yote. Uliza kama basi hufanya tripu moja au mbili: likifanya mbili, watoto wa tripu ya kwanza hufika shuleni kabla ya walimu, na jioni wa tripu ya pili hubaki uwanjani wakisubiri. Uliza kama kuna mtu mzima ndani zaidi ya dereva, na kama kila mtoto ana kiti chake. Kwa mtoto wa awali hadi darasa la pili, safari ikizidi dakika 45 kwa upande mmoja, tafuta shule nyingine hata kama hii ina jina kubwa. Daladala kwa wadogo ni shida, maana makondakta wengi huwakwepa wanafunzi kwa ajili ya nauli yao ndogo. Na bodaboda inayobeba watoto watatu kwa mtindo wa mshikaki isiwe kwenye mpango wako hata kwa wiki moja.

Sasa angalia mtoto yuko darasa la ngapi. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoumia bila kujua. Darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne ni madarasa ya mitihani ya kitaifa, na watahiniwa husajiliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wakiwa chini ya shule waliyopo wakati huo. Ukimhamisha mtoto wa darasa la saba mwezi Juni, unaweza kulazimika kumrudisha alikotoka mwezi Septemba akafanye mtihani huko, akae kwa ndugu, mbali na wewe. Ikiwezekana, mtoto wa darasa la mtihani amalize mwaka alipo, au ahame Januari shule zinapofunguliwa. Kwa madarasa mengine, Januari ndiyo bora na Julai inafuata. Kuhama katikati ya muhula humfanya mtoto arudie mada asizohitaji na kukosa anazohitaji.

Kuhusu lugha, pima kwa unyoofu. Mtoto aliyesoma shule ya serikali kwa Kiswahili hadi darasa la tano, akaingizwa shule ya mchepuo wa Kiingereza, atakuwa anajua kugawanya sehemu lakini hataelewa swali linamtaka agawanye. Shule itampa mtihani wa kujiunga, kisha itapendekeza arudishwe darasa moja au mawili. Kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu hilo huvumilika. Kwa wa darasa la sita naona ni adhabu isiyo na kosa, heri amalize msingi kwa lugha aliyoanza nayo. Anayetoka mchepuo wa Kiingereza kwenda Kiswahili naye huchanganyikiwa, hasa kwa istilahi za hisabati na sayansi. Mpe daftari la msamiati wiki chache kabla ya kuhama. Kumbuka pia kwamba mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, kisha ukaendelea kupanda, hivyo usitegemee vitabu vya kaka au dada aliyetangulia.

Ubora wa shule usiupime kwa mabango. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yake. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na ukurasa wa shule huonyesha wastani wa shule na idadi ya waliofanya mtihani. Chukua miaka mitatu, usichukue mmoja. Kisha fanya hesabu hii: tafuta idadi ya watoto waliofanya upimaji wa darasa la nne, halafu idadi ya waliofanya darasa la saba miaka mitatu baadaye. Kama walikuwa 60 wakabaki 38, uliza 22 walikwenda wapi. Wengine walihama na wazazi wao, ni kweli, lakini pengo la namna hiyo likijirudia kila mwaka, shule inachuja wanyonge ili wastani upande. Wako akiyumba kidogo, naye atachujwa.

Shule yenyewe itembelee siku ya kazi, saa nne wakati wa mapumziko, bila kutangaza sana. Omba daftari la hisabati la mtoto yeyote wa darasa la mwanao na utazame tarehe za masahihisho. Zikiachana kwa wiki mbili tatu, mwalimu ameelemewa au hayupo. Hesabu watoto darasani: kiwango cha serikali ni 45, na shule nyingi za mijini zinakizidi. Vyoo vina kiwango pia, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa Dodoma uliza maji, kuna matangi mangapi na mgao ukija choo kinaoshwaje. Kwenye shule binafsi uliza walimu wangapi wa mwaka jana bado wapo, kwa sababu ajira za serikali zikitangazwa wengi huondoka katikati ya mwaka. Na ukiambiwa bweni linapokea watoto wa darasa la pili, fahamu kwamba mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Ada omba kwa maandishi, na fomu nzima ya kujiunga, siyo kipeperushi. Jumlisha mwaka mzima: ada, usafiri, chakula, sare jozi mbili na sweta, nguo za michezo, rimu za karatasi, mitihani ya majaribio, masomo ya ziada. Uliza anayeingia Julai analipa kiasi gani. Pesa ziende akaunti ya benki ya shule na ubaki na risiti. Shule za serikali hazina ada, ila andaa sare, madaftari na mchango wa chakula waliokubaliana wazazi.

Kabla hujaondoka mji wa zamani, maliza karatasi: nakala ya cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula miwili ya mwisho, namba ya PREM ya mtoto (namba ya utambulisho wake kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani) na kibali cha uhamisho kupitia mwalimu mkuu na ofisi ya elimu. Linganisha jina kwenye cheti na lile lililo shuleni, herufi kwa herufi. Likitofautiana, lirekebishwe hapohapo, kwa kuwa jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye matokeo. Kama una deni la ada, kaa na shule mkubaliane namna ya kulimaliza, maana wasipomwachilia mtoto kwenye mfumo, shule mpya itampokea darasani lakini haitaweza kumsajili kwa mtihani.

Mwezi mmoja baada ya kuanza, nenda kwa mwalimu wa taaluma umwombe akuonyeshe jina la mtoto kwenye orodha ya shule mpya, na namba yake ya PREM ileile ya zamani. Wakikupa namba mpya, uhamisho haukukamilika. Piga simu shule ya zamani siku hiyohiyo.