Mwenye mashine yuko wapi, mwanangu?

Mwanangu,

Salamu kutoka Kisumu. Hatujambo, ila joto la mchana si la kusimulia. Hadithi yako nimeisoma, na swali lako nimelitafakari: ukiandika kuhusu mwaka 2070 na mashine zitakazotunyang'anya kazi, unawasaidia watu au unawaongezea hofu?

Andika. Watu wanaogopa tayari. Angalau hadithi itawaonyesha wanachokiogopa kimekaaje.

Unajua kabla hujazaliwa nilikuwa opereta wa simu. Nakaa mbele ya ubao wenye matundu, taa ndogo ikiwaka nachomeka waya, namuuliza mtu anataka Eldoret au Nairobi, kisha nachomeka wa pili. Habari za mitambo inayojiunganisha yenyewe zilipovuma, wateja wakaingiwa na wasiwasi kwamba mtambo utasikiliza siri zao. Tulicheka sana! Siri za mji huu zilikuwa masikioni mwetu siku zote: nani anadaiwa, nani anampigia nani usiku wa manane. Mtambo haukutaka kujua lolote. Kazi zetu zilikwenda, naam, lakini hilo liliamuliwa na watu, mezani.

Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1901, inasimuliwa kuwa Kimnyole, orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wao wa kiroho, alitabiri nyoka wa chuma atemaye moshi na moto, atakayetoka bahari ya mashariki kuja kunywa maji ya ziwa hili. Sidhani kuna mwandishi wa leo atakayemshinda. Nyoka akaja kweli, ila ardhi ilichukuliwa na Waingereza waliokuja naye, na mwaka 1905 wakamuua Koitalel, mwanawe Kimnyole, walipokutana naye eti kwa mazungumzo ya amani. Na katikati ya hayo yote Wanandi walikuwa wakikata nyaya za telegrafu na kuzifanya mapambo. Jambo kama hilo ndilo silioni kwenye hadithi yako: watu wanaoigeuza teknolojia ya mtu mwingine kuwa kitu chao.

Tazama tena Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Dunia imekauka, hata jasho na mkojo husafishwa vinywewe. Mitambo hiyo nimeizoea upesi. Lililonikosesha usingizi ni lile baraza linalomnyima Asha ruhusa ya kutoka nje.

Sasa yako. Mashine ya kupanga bei ya omena, dagaa wetu, pale soko la Kibuye ni wazo zuri, na gorogoro, lile kopo la kupimia, linalojipima lenyewe limenichekesha. Lakini mashine inapomkatalia muuza omena mauzo, umeifanya icheke. Icheke ya nini? Ina uchungu gani na omena? Kuna mtu aliyeiwekea ile bei. Ana ofisi, pengine ana mkopo wa gari. Mlete, tumwone akila chakula cha mchana. Wala usimfanye shetani. Mabosi wetu hawakuwa mashetani, walikuwa na karatasi za kutia sahihi.

Ile vita ya roboti barabarani iondoe. Haina kazi.

Halafu mashine umeipa jina, tena refu, lenye namba. Muuza omena umemwita "mwanamke mmoja" tangu mwanzo hadi mwisho. Mpe jina, kisha unitumie tena.

Mama yako