Ryzen 5 5600 bila kadi ya grafiki: skrini haiwaki

Ukiuliza kama kompyuta yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 itawasha skrini bila kadi ya grafiki: hapana, peke yake haitoi picha. Haina grafiki ndani, kwa hiyo hata tundu la HDMI unaloliona nyuma ya mazabodi halitafanya kazi. Kama bajeti haifiki kununua kadi ya grafiki sasa hivi, chukua 5600G, ndugu yake mwenye grafiki ndani. Kwa prosesa za Intel angalia herufi F mwishoni mwa jina: i3-12100F haina grafiki, i3-12100 inayo.

Nilimuungia mdogo wangu mashine mwaka juzi, feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini giza. Nikachomoa RAM, nikasugua meno yake kwa raba, nikarudisha, wapi. Nilipokuja kufuta ile krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa ndipo nikasoma: 5600, hakuna G.

Ukichukua hiyo ya G, nunua RAM mbili za GB 8, si moja ya GB 16. Grafiki yake inaazima RAM ya mashine, na zikiwa mbili data inapita njia mbili kwa pamoja. Kwenye gemu tofauti utaiona waziwazi. Ila kama una hakika utaongeza kadi kubwa baadaye, ujue 5600G ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 tu, wakati 5600 ina MB 32, na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na prosesa.

Na pawa saplai tafadhali usichukue ile isiyo na jina. Ikifa vibaya inaua na mazabodi.