Tiketi si ya mwanamieleka, ni ya konferensi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye timu za mieleka za vyuo vidogo huku Marekani, iwe kama wachezaji, wasaidizi wa kocha au vijana wa kuandika matokeo kama nilivyokuwa mimi: kuna jambo moja ambalo nilicheleweshwa na ujuaji wangu kulielewa, na msimu wangu wa kwanza likamgharimu mtu ambaye si mimi.

Naanza na mpira wa miguu maana huko ndiko lilikoniingia. Msimu wa 2018/19 Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Msimu uliofuata Tanzania ikapeleka timu nne Afrika badala ya mbili, na KMC ya Kinondoni ikajikuta Kombe la Shirikisho. Jasho la Simba, safari ya KMC. Shabiki wa Yanga aliyekuwa anaomba Simba wafungwe alikuwa anaomba nafasi za nchi yake zipungue, ingawa hamtampata wa kulikubali hilo hadharani.

Mieleka ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) Daraja la Kwanza inakwenda kwa akili hiyohiyo. Fainali za taifa ni Machi. Wanaingia watu 330: uzito kumi, kuanzia pauni 125 hadi 285, na kila uzito una watu 33. Sehemu kubwa ya nafasi hizo zinagawiwa konferensi, yaani vyama vya vyuo vinavyocheza pamoja, na kila konferensi inafanya mashindano yake mapema mwezi huohuo ili kuamua nani anazichukua. Big Ten, konferensi ya wakubwa, inaweza kuwa na tiketi nane au tisa kwenye uzito mmoja. Konferensi kama SoCon, yenye Chattanooga, Appalachian State, Davidson na wenzao, mara nyingi inagombania moja au mbili.

Wageni wengi hudhani mgao huu ni wa upendeleo wa wakubwa. Kabla ya 2009 lalamiko hilo lingekuwa na uzito, kwa sababu konferensi ilibebwa na historia yake kwenye fainali za miaka iliyopita. Tangu 2009 kinachohesabiwa ni msimu wenyewe, na kila uzito peke yake. Mwanamieleka anaangaliwa kwa vipimo vitatu: ameshinda angalau asilimia 70 ya mapambano yake dhidi ya watu wa Daraja la Kwanza, yuko ndani ya 30 bora kwenye orodha ya makocha, yuko ndani ya 30 bora kwenye RPI, hesabu inayotazama ushindi wako, ushindi wa uliopambana nao, na ushindi wa waliopambana na hao. Akivuka viwili kati ya vitatu, konferensi yake inaandikiwa tiketi moja kwenye uzito huo. Konferensi isiyo na hata mmoja aliyevuka bado inapewa tiketi moja ya bingwa.

Someni tena sentensi ya kuandikiwa. Inaandikiwa konferensi. Yule aliyeipata kwa kushinda Novemba hadi Februari akifika mashindano ya konferensi anaanza sifuri kama wengine. Akiteleza raundi ya kwanza, akapoteza tena upande wa waliopoteza, tiketi aliyoitafuta miezi minne inaondoka na mtu ambaye rekodi yake haisomeki. Nimeona mkeka mzima unanyamaza kwa jambo hilo. (Mkeka wa kupigania, si ule wa kubeti, ingawa siku zile huwa na uchungu unaofanana.)

Basi mkifika Januari, acheni kushangilia mpinzani wenu wa konferensi anapopigwa na mtu wa Big 12, konferensi nyingine kubwa. Kijana wa chuo jirani mwenye uzito wako akivuka vipimo, mlango unapanuka na wewe unapita humo humo. Nafasi ikiwa moja, mnaopita ni mmoja. Zikiwa tatu, unaweza kufungwa fainali na ukaenda. Nilikuwa nafuatilia matokeo ya wapinzani wetu kwa furaha ya kijinga hadi kocha akaniuliza, kwa upole tu, kama najua ninashangilia nini.

Ugumu wa konferensi ndogo uko kwenye ratiba. Ukipigana na wanyonge, asilimia inapanda lakini RPI inashuka, maana hesabu inawatazama pia uliowashinda. Ukiwafuata wakubwa, RPI inapata nguvu, ila pigo mbili tatu zinakushusha chini ya 70. Mtu wa 20 kwa 8, yaani ameshinda 20 na kupoteza 8, yuko kwenye 71.4, badilisha pambano moja tu, awe 19 kwa 9, yuko kwenye 67.9. Kwenye Big Ten jambo hili halimnyimi mtu usingizi sana, kwa sababu ligi yenyewe inampa wapinzani wenye majina, na makocha wanamwona kila wiki. Wa kwetu lazima asafirishwe akatafute macho ya watu. Ndiyo maana mtaona timu ndogo zinakwenda mashindano makubwa ya Desemba na kurudi na ushindi mchache, na mkajiuliza walifuata nini.

RPI ina sharti lake pia: usipofikisha mapambano 15 ya Daraja la Kwanza kwenye uzito uleule, huingii kwenye orodha. Majeruhi ya wiki sita au kuhama uzito katikati ya msimu yanaweza kufuta kipimo kizima.

Sasa kosa langu. Kazi yangu ilikuwa jedwali la Excel. Kijana wetu wa pauni 157 alikuwa 22 kwa 7 kwenye jedwali langu, asilimia 75 na ushee. Kila Jumatatu nilimwambia kocha kipimo cha asilimia tumeshakivuka, tushughulikie RPI, na kweli RPI ikakaa sawa. Makocha hawakuwa wamemweka kwenye 30 bora, lakini viwili vinatosha, sivyo? Wiki ya mwisho ya Februari orodha ya mgao ilipotoka, konferensi yetu ilikuwa na tiketi moja kwenye uzito wake, na haikuletwa na yeye. Nikafungua matokeo moja moja. Sita kati ya ushindi wake zilitoka kwenye mashindano ya wazi ya Novemba, dhidi ya vijana wa Daraja la Pili na vyuo vya miaka miwili. Hazihesabiwi. Rekodi yake ya kweli ilikuwa 16 kwa 7, asilimia 69.57.

Kilichoniuma si desimali. Kulikuwa na mechi ya timu kwa timu katikati ya Februari, dhidi ya timu dhaifu, ambayo kocha alimpumzisha kwa kuamini jedwali langu. Ushindi mmoja pale ungekuwa 17 kwa 7, yaani 70.8, na konferensi ingekuwa na tiketi mbili. Akaenda mashindano ya konferensi, akafika fainali, akafungwa kwa pointi moja.

Zilibaki zile nafasi ambazo kamati inachagua kujaza 33. Mimi naziita viti maalum. Kamati inatazama nani kamshinda nani, ushindi dhidi ya wenye majina, wapinzani mliopambana nao wote wawili, orodha ya makocha, RPI na nafasi uliyomaliza kwenye konferensi. Majina hutangazwa siku chache tu baada ya mashindano. Lake halikuwemo. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

Tangu hapo jedwali langu lina safu mbili za rekodi, ya jumla na ya Daraja la Kwanza, na ya jumla nimeipaka kijivu ili jicho lisiipende. Nyinyi fanyeni hivyo tangu pambano la kwanza, kabla hamjazoea namba nzuri. Na jedwali liwe la konferensi nzima, si la chuo chenu tu. Wapinzani walioko kwenye 68 au 69 wanawahusu kama ndugu.

Jambo lingine la kuangalia ni nani anahama. Kwa kuwa hakuna akiba ya historia, chuo chenye nguvu kikiondoka kinaondoka na tiketi zake papo hapo. Chuo cha Missouri walipotoka konferensi ya MAC kwenda Big 12 mwaka 2021, MAC haikubaki na chochote cha kwao. EIWA, konferensi kongwe kuliko zote, ya tangu 1905, iliwapoteza Cornell, Princeton, Penn na wenzao Ivy League ilipoanza mashindano yake yenyewe msimu wa 2024/25. Pac-12 msimu huohuo ilibaki na vyuo vinne vya mieleka, na bado kila bingwa wake alikuwa na tiketi yake. Kijana anayechagua chuo angeitazama ramani hiyo kabla ya kutazama ukubwa wa ukumbi wa mazoezi.

Na mtu akiwaambia konferensi ndogo ni ya kushiriki tu, mtajieni Edinboro. Chuo cha Pennsylvania ambacho michezo yake mingine iko Daraja la Pili, kikicheza mieleka kwenye EWL, konferensi ambayo mwaka 2019 iliunganishwa na MAC. Mwaka 2015 kilimaliza cha tatu kitaifa.

Kijana wetu wa 157 alirudi msimu uliofuata. Mashindano ya wazi ya Novemba alikwenda, akashinda matano, nikayaandika yote kwenye safu ya kijivu.