Jibu: Kwa nini nikibadilisha b, a nayo inabadilika?

Ndugu, umeunda aina yako Nukta (yenye X na Y) kama `class`, ukaandika `b = a`, na sasa ukibadilisha b, a nayo inabadilika. Alama ya = haina kosa; angalia aina uliyotumia. Katika lugha ya programu ya C#, `b = a` hunakili kilichomo ndani ya kigeu a. Kama Nukta ni `struct`, kilichomo ni X na Y zenyewe, hivyo b inapata zake. Kama ni `class`, kama ulivyoandika wewe, kilichomo ni rejeleo tu, yaani kinachoelekeza objekti ilipo: vigeu viwili, objekti moja. Ukiandika `b.X = 9`, `a.X` nayo inasoma 9.

(Ile kanuni ya "struct hukaa kwenye steki", yaani kumbukumbu ya muda ya mbinu inayoendeshwa, usiikariri. Struct iliyo sehemu ya objekti ya class hukaa pamoja nayo kwenye hipu, kumbukumbu zinakowekwa objekti.)

Ukihamia struct, utakwama kwenye `List<Nukta>`, yaani orodha ya Nukta. Kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) itakataa `orodha[0].X = 9` kwa kosa CS1612, maana indeksa ya List (ile `[0]`) hurudisha nakala, na kubadilisha nakala hiyo kusingegusa orodha. Itoe Nukta hiyo, ibadilishe, irudishe:

`var n = orodha[0]; n.X = 9; orodha[0] = n;`

Kwenye safu ya kawaida, `Nukta[]`, mstari ule uliokataliwa, `orodha[0].X = 9`, unapita bila shida, kwa kuwa unagusa kipengele chenyewe.